Dakika Ishirini za Tusajigwe

Mchana wa Jumamosi, baada ya kula ndizi na maharage na kuosha vyombo, Mwalimu Hobokela Mwasomola alijilaza na barua yake ya chuo kifuani, akaota amefika chuoni bila viatu.

Tuseme kwanza alikuwa nani, maana kule ndotoni hakuna aliyejali kumuuliza. Alikuwa mwalimu wa Biolojia katika sekondari moja ya kata huko Rungwe, shule iliyozungukwa na chai pande tatu, na upande wa nne migomba. Miaka minne nyuma, kwenye kikao cha walimu, mkuu wa shule alisoma waraka uliotaka kila shule iwe na mwalimu wa ushauri nasaha. Akatazama huku na huku, akasema, "Madam Hobokela, wewe una sauti ya upole." Mafunzo yake yalikuwa hayo. Akapewa chumba kilichokuwa stoo ya vifaa vya michezo, meza, viti viwili, na daftari la kuandika nani kaja.

Na walikuja. Walikuja waliofeli, walioachwa na wapenzi, waliogombana na mama wa kambo. Hobokela aliwapa maneno, na wengi waliondoka wakitabasamu, hata akaanza kuamini kwamba sauti ya upole inatosha.

Mpaka alipokuja Tusajigwe.

Tusajigwe, msichana wa kidato cha tatu, alifiwa na baba yake mwezi wa tatu. Alikuja stoo siku moja tu, akakaa, akainamisha kichwa. Hobokela alimwonea huruma kiasi kwamba hakuweza kuuvumilia ule ukimya, akaujaza. Alisema kwa dakika arobaini. Alimwambia ajipe moyo. Alimwambia asome kwa bidii ili baba yake afurahi huko aliko. Alimwambia wapo wenzake waliopoteza wazazi wote wawili na leo ni mahakimu. Tusajigwe akasema, "Asante, mwalimu," akatoka. Hakurudi. Na darasani hakufungua tena mdomo, si kwa Hobokela wala kwa mwalimu mwingine yeyote.

Hilo ndilo lililomfanya aombe chuo, na hilo hilo ndilo lililokuwa linamzuia kwenda. Nafasi alikuwa ameipata, shahada ya uzamili ya ushauri wa kisaikolojia. Ruhusa ya masomo alikuwa nayo. Alitakiwa athibitishe kabla ya Jumatatu. Lakini kila aliposhika simu ili athibitishe, alimwona yule mtoto anavyosema asante, akajiuliza kama kuna chuo kinachoweza kumfundisha mtu aliyekwisha kuharibu.

Mama mkwe wake, Bibi Subilaga, aliyekuwa akiishi nao, hakumrahisishia mambo. "Miaka miwili," alisema mchana ule mezani. "Miaka miwili ya kusomea kuongea na watu. Mbona sisi tunaongea nao kila siku."

"Si kuongea, mama. Ni kusikiliza."

"Na hayo nayo yana shahada?"

Hobokela alikusanya sahani. Akaosha vyombo, akaenda kulala.

Basi, yuko getini, na hana viatu.

Geti linalindwa na mizani. Ni ile mizani ya kuning'inia ya kupimia majani ya chai, yenye ndoano, ila hii imevaa kofia ya mlinzi.

"Habari za kazi?" anasema Hobokela.

"Salama, dada. Majibu yote yaachwe hapa."

"Majibu gani?"

"Uliyokuja nayo. Ndani hayaruhusiwi."

Anajipapasa na kukuta mifuko ya sketi imejaa. Anayatoa moja moja. "Jipe moyo" limelainika kwa kutumiwa sana, kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni. "Yataisha tu" ni jepesi, ukiligonga linalia tupu. "Wenzako wamepitia makubwa" lina ncha. Linamchoma kidole wakati analitoa, naye anakumbuka vizuri ni nani aliyewahi kukabidhiwa. Mizani inayatia yote kwenye kiroba na kuyaning'iniza kwenye ndoano yake.

"Kilo kumi na nne na nusu," inasema. "Usijisikie vibaya. Wiki iliyopita alikuja mchungaji mmoja, ilibidi tutafute toroli."

"Nikitoka nitayakuta?"

"Utayakuta. Ila wengi huwa hawayaulizi."

Anaingia akiwa mwepesi, akiona aibu kidogo, kama mtu aliyetoka kupima uzito na watu wamesikia. Ndani ya geti kuna ofisi ya usajili, na ofisi hiyo ni jiko la marehemu bibi yake, masizi yake yote, mafiga yake yote matatu. Nyuma ya mafiga amekaa mwandikishaji, ambaye ni faili la kijani lenye miwani.

"Umekuja kuwa nani?" linauliza faili.

"Mwanasaikolojia," anasema Hobokela. "Au mshauri nasaha. Kusema kweli, sijaijua vizuri tofauti."

"Hujaijua, na wapo waliohitimu hapa ambao hawaijui vilevile." Faili linalamba ukurasa wake na kuufunua. "Kama unataka kuandikia watu dawa, umekosea mlango. Huyo ni daktari wa magonjwa ya akili, anaanzia udaktari wa kawaida, jengo la ng'ambo kule. Sisi hatuna dawa. Tuna viti."

"Viti vingapi?"

"Viwili. Pita mlango wa nyuma, kachague njia. Zinakusubiri tangu asubuhi, na moja imeshaanza kuota majani."

Nyuma ya jiko kweli kuna njia nne, zimelala sambamba uani kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa. Zinapomwona zinainua vichwa.

Ya kwanza ni njia ya hospitali. Ina vigae vyeupe na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. "Mimi nitakupeleka kwa wanaosikia sauti na kwa wasiopata usingizi," inasema. "Lakini unipitie taratibu. Nina shahada mbili na mazoezi ya wodini, na kila baada ya hatua chache kuna mtu atakuuliza karatasi zako."

Ya pili ina zulia na imefunga tai. "Kwangu ni maofisini. Utawapima watu kabla hawajaajiriwa, na utawasikiliza siku ya kuachishwa. Kuna kiyoyozi."

Ya tatu ni njia ya utafiti. Imetengenezwa kwa madodoso, na Hobokela anapoijaribu kwa mguu mmoja, karatasi aliyoikanyaga inasema, "Kwa kipimo cha moja mpaka tano, unaridhika kiasi gani na hatua uliyopiga?"

"Tatu," anasema Hobokela.

"Fafanua," inasema karatasi inayofuata.

Anautoa mguu polepole. Inabaki ya nne. Ni ya udongo, imechimbika kwa mvua, ina vipande vya chaki na maganda ya miwa. Ndiyo iliyoota majani. Haijasema kitu tangu alipotoka jikoni.

"Wewe mbona hunibembelezi kama wenzako?" anaiuliza.

"Nakujua, madam," inasema njia ya shule. "Unanipita kila siku saa kumi na mbili na nusu, umeshika kikapu cha daftari. Sikubembelezi. Nilitaka tu nikuone ukirudi na kitu."

Hobokela anasimama pale uani na miguu yake mitupu. Anataka kuiambia hiyo njia neno zuri, lakini maneno yake yote mazuri yako getini kwenye kiroba. Kwa hiyo anaanza tu kuitembea.

Hatua ya nne, yuko darasani.

Mhadhiri ni birika la alumini, limechakaa, limekaa juu ya meza. Shahada yake ya uzamivu imefungwa kwenye mkono wake kwa uzi mwekundu. Wanafunzi wamekaa kwenye mikeka. Aliyekaa karibu na Hobokela amevaa blauzi nyeupe, sketi ya bluu na soksi zilizovutwa mpaka magotini, na anapogeuka ni Bibi Subilaga.

"Shikamoo, mama. Na wewe umejiunga?"

"Marahaba. Nimekuja kuhakikisha," anasema Bibi Subilaga.

"Leo," linasema birika, "kutunza siri."

Hobokela anafungua daftari.

"Usiandike. Nyoosheni mikono."

Kila mmoja anawekewa kiganjani siri moja. Ni kiumbe kidogo kama kifaranga cha jana, cha moto, kimezungushiwa kipande cha blanketi, na kinapumua.

"Hii siyo yako," linasema birika. "Umepewa uitunze. Kuitunza maana yake inyweshwe uji, ifunikwe, isipigwe na baridi, na majirani wasiioneshwe. Hata wakikuuliza mbona umebeba blanketi."

Wanaletewa uji na vijiko vidogo. Siri ya Hobokela inakunywa vizuri, inacheua, inalala. Ya Bibi Subilaga inalia.

"Hii yangu ina nini?" anasema Bibi Subilaga.

"Ifunike tu, mama."

"Nataka kuangalia ni ya nani, nijue jinsi ya kuibembeleza."

"Haturuhusiwi."

"Kidogo tu. Sitamwambia mtu."

Anafunua kona ya blanketi. Siri inamtazama, inateremka kutoka kiganjani, inapanda dirisha, inaondoka. Baada ya muda mfupi wanaisikia kwa mbali, iko sokoni, inasalimiwa kwa jina lake.

Birika halimgombezi. Linatoa mvuke kidogo tu. "Hiyo hairudi, Bibi Subilaga," linasema.

Bibi Subilaga anakaa na viganja vyake vitupu. Hobokela anaishi naye nyumba moja kwa miaka tisa, na hajawahi kumwona hana la kusema. Mwishowe bibi anasema kwa sauti ndogo, "Nilikuwa sijui kama zina macho."

Hobokela anasogea mkekani, mabega yao yanagusana. Bibi Subilaga naye hasogei.

"Kuna swali?" linauliza birika.

Hobokela ananyoosha mkono wa pili, ule usio na siri. "Na ikiwaka moto?"

"Umeuliza vizuri. Mtu akitaka kujiua, au kuua, siri yake inawaka moto. Hiyo hukai nayo peke yako. Unakimbia nayo kwa msimamizi wako siku hiyo hiyo, mnaishika wawili."

"Msimamizi wangu ni nani?"

Darasa zima linamgeukia.

"Hujaonana na msimamizi?" linasema birika. "Una saa ngapi za mazoezi?"

"Miaka minne."

"Sikuuliza miaka. Toka, nyoosha na hiyo korido. Siri yako iache hapa, nitaiangalia."

Korido ni ndefu na ni ya zahanati. Ukutani kuna saa kubwa ya mviringo, na hiyo ndiyo msimamizi. Chini yake kuna benchi, na kwenye benchi zimekaa saa za Hobokela zote, zile alizokaa stoo na wanafunzi kwa miaka minne. Zimevaa vitenge na kushika mikoba, zinaongea kwa sauti ya chini kama akina mama wanaosubiri kliniki. Zinapomwona zinafurahi. Moja inamwambia, "Madam, umenenepa kidogo, umependeza."

"Hizi ni zako," inasema saa ya ukutani. "Nimezipitia zote. Ni saa nzuri, nyingine nzuri sana. Lakini hakuna hata moja iliyosimamiwa. Ulikuwa unatoka na mzigo wa mtoto unakwenda nao nyumbani, unalala nao, asubuhi unaamka unafundisha Biolojia. Hakuna aliyekuuliza ulikuwaje. Saa za namna hiyo siwezi kuzihesabu."

"Hakuna aliyeniambia kwamba naweza kuuliza," anasema Hobokela.

"Najua. Sikulaumu. Nasema tu siwezi kuzihesabu."

Zile saa zinatazamana. Zinanyanyuka bila kinyongo, zinajifunga vitenge vizuri, zinampa mkono moja baada ya nyingine. "Asante, madam. Tulikaa vizuri." Korido inabaki tupu, isipokuwa mwisho wa benchi, ambapo kuna saa moja haijanyanyuka. Inajaribu kusimama lakini inachechemea, upande mmoja ni mfupi.

"Na hii?" anauliza Hobokela, ingawa anaijua.

"Hii haijaisha," inasema saa ya ukutani. "Ulitumia dakika arobaini. Zimebaki ishirini. Mwenyewe alitoka kabla."

"Hakutoka kabla. Mimi nilikuwa nimemaliza kusema."

"Ndicho nilichosema."

Hobokela anaitazama ile saa iliyolemaa. Ndicho kitu alichokuwa anakikimbia tangu mwezi wa tatu, na kumbe kilikuwa kimekaa kwenye benchi muda wote kinamsubiri. Anaweza kurudi getini akachukue kiroba. Anakifikiria hicho kiroba, uzito wake wa kuzoeleka. Kisha anaipa ile saa mkono ili imwegemee, wanaondoka wakichechemea wote wawili.

Mlango wanaoufungua ni wa stoo.

Kila kitu kiko mahali pake, neti ya mpira wa wavu, mkuki wa kurusha uliopinda, mipira isiyo na upepo. Kwenye kiti cha mgeni umekaa ukimya wa Tusajigwe. Umevaa sweta ya shule ya bluu, mikono imefunika vidole. Uso wake ni kama uwanja uliofagiliwa asubuhi, hauna alama.

"Karibu," unasema mpira mmoja kutoka kwenye rafu. "Mara ile ulisema mpaka mimi nikasinzia."

Hobokela anakaa. Dakika ya kwanza inapita polepole, kama ng'ombe anayevuka barabara akijua kwamba gari litasimama. Ya pili inamtazama kabla ya kupita. Anatia mkono mfukoni kwa mazoea na kukuta kitambaa tu. Dakika ya tano anakumbuka neno moja lililobaki, dogo, limenasa kwenye mshono, na anataka kulitoa. Mpira unakohoa. Analiacha.

Dakika ya nane anagundua kwamba anausikia ukimya unavyopumua. Dakika ya kumi anagundua kwamba haumwogopeshi tena. Ni wa mtoto, una ukubwa wa mtoto. Umekaa vibaya kwenye kiti, umechoka kukaa hivyo, na haujapata mtu wa kukaa nao.

Dakika ya kumi na mbili ukimya unatazama chini.

"Huna viatu, mwalimu," unasema.

"Sina."

"Kwa nini?"

"Sijui. Nimejikuta hivi."

Ukimya unalifikiria jambo hilo. Inaonekana ni mara ya kwanza unamsikia mwalimu akisema sijui. Unavuta kiti chake mbele kidogo, miguu ya kiti inakwaruza sakafu.

"Baba ndiye aliyekuwa ananinyoa," unasema. "Kila Jumapili kabla ya kanisa. Ananikalisha kwenye ndoo, ameigeuza. Alikuwa na mashine ya betri, inakwama kwama, anaipiga kofi inaendelea. Akimaliza ananipuliza shingoni ili nywele zitoke."

Hobokela anasubiri.

"Sasa zimeota. Nimetolewa mstarini mara tatu. Wananiambia niende kwa kinyozi. Sitaki kwenda kwa kinyozi." Unavuta mikono ya sweta. "Mara ya tatu, mwalimu wa zamu ulikuwa wewe."

Hausemi kwa hasira. Unasema kama mtu anayetaja siku ya juma. Hobokela anahisi neno lile dogo linajitahidi kutoka kwenye mshono, lije limtetee, na analishika kwa vidole viwili mpaka linatulia.

"Ndiyo," anasema. "Nilikuwa mimi."

Zinabaki dakika tatu. Wanazikaa zote. Ya mwisho inapotoka inafunga mlango taratibu, na ile saa, ambayo muda wote ilikuwa imeegemea ukuta, inasimama kwa miguu yake miwili iliyolingana, inachukua mkoba wake, inasema, "Haya, madam. Mimi naweza kuhesabiwa sasa."

Akaamka.

Ilikuwa saa tisa na nusu na nje kulikuwa na jua baada ya manyunyu. Barua ilikuwa imekunjamana chini ya shavu lake, na miguu ilikuwa imekufa ganzi. Alikaa kitandani akaipangua ndoto. La kutoa wanafunzi mstarini lilikuwa la kweli. Jumanne ile ya zamu yake alipita nyuma ya mistari akiwagusa mabegani wote wenye nywele ndefu, wakatoka kama saba hivi, na hakumtazama hata mmoja usoni. Kwamba Tusajigwe alikuwa mmoja wao, alikuwa amesahau mpaka sasa. Lakini ya baba na mashine na ndoo hakuwahi kuyasikia popote. Akajiambia hayo ni ya usingizini, mtu akilala ameshiba huona mengi.

Alimkuta Bibi Subilaga kwenye kibaraza, ungo wa maharage mbele yake, hachambui. Viganja vyake vilikuwa wazi mapajani.

"Mama, vipi? Unaumwa?"

"Siumwi. Nilisinzia hapa kidogo." Bibi aliviangalia viganja vyake, juu na chini. "Sijui kwa nini nasikia kama nimepoteza kitu cha watu."

Hobokela aliviangalia viganja hivyo naye. Kisha akaingia ndani kuvaa viatu.

Chuo alikithibitisha jioni ile ile aliporudi, ilikuwa kazi ya dakika mbili na mtandao haukusumbua. Bibi Subilaga alipoambiwa alisema tu, "Nenda, mwanangu. Mjukuu wangu Lusajo nitamwangalia mimi," wala hakurudia habari ya shahada. Lakini kabla ya hapo Hobokela alikwenda kwa kina Tusajigwe.

Wanakaa nyuma ya kiwanda cha chai, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Mama mtu alikuwa kazini. Tusajigwe alikuwa peke yake uani, anamenya magimbi, kichwani amejifunga kitambaa. Alinyanyuka alipomwona mgeni, akafuta mikono.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Tusajigwe."

Alimletea kigoda, akabaki amesimama. "Nimefanya kosa?"

"Hapana. Una kisu kingine?"

Msichana alisita, akaingia jikoni, akatoka na kisu. Wakakaa, wakamenya. Magimbi yalikuwa mengi na yalikuwa yanateleza. Kuku walipita. King'ora cha kiwanda cha kubadilishana zamu kililia, kikanyamaza. Mara mbili Hobokela alisikia sauti yake ya upole inapanda kooni, na mara mbili akaimeza.

Alipoona ametulia ndipo aliposema, "Jumanne ile nilikutoa mstarini. Sikukuuliza kwa nini nywele hukukata. Nisamehe."

Tusajigwe aliendelea kumenya gimbi lililokwisha kumenyeka, likawa dogo, likawa dogo zaidi. Hobokela alichukua gimbi lingine.

"Baba ndiye aliyekuwa ananinyoa," alisema Tusajigwe.

Ilikuwa sauti ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kuitumia. Ilikwaruza. Aliweka kisu chini.

"Akimaliza," alisema, akanyamaza. Mkono wake ulipanda wenyewe, ukashika shingo kwa nyuma, chini ya kitambaa, ukabaki hapo.

Hobokela alikuwa anayajua maneno yaliyobaki. Hakuyasema. Aliweka kisu chake chini naye, akayasubiri.